Nogini, kodini, Dkk1 au serberasi: uchague ipi kwenye kiinitete cha chura

Kila ukifika msimu wa kuchagua mada za semina vijana wa baiolojia hapa Tanga wananifuata na swali lilelile, mwalimu nichukue protini gani, maana wameshasikia kwamba kwenye kiinitete cha chura kuna protini zinatemwa na seli afu zinaenda kuamua mgongo ukae wapi na tumbo likae wapi, wakifungua intaneti wanakutana na rundo la majina, bando linaisha na mada hawajapata. Kwa hiyo naandika hapa mara moja. Nawalenga wenye mada moja tu ya kuwasilisha, wanaoandika ripoti ya mwaka wa tatu, na walimu wa kidato cha sita wanaotaka mfano mmoja ulioshiba wa jinsi seli zinavyosikilizana. Nalinganisha nne kwa kina, mbili kwa kupita tu, afu kuna suala la chura mwenyewe, sababu kwa joto letu hili la pwani sio kila chura anafaa.

Tuwekane sawa kwanza, bila picha hii ulinganisho wote utakuwa majina matupu. Yai la chura wa maabara, Xenopus laevis, lina upana wa milimita moja na pointi kidogo, juu jeusi chini jeupe. Likisharutubishwa linakaa kama dakika 90 ndo linagawanyika mara ya kwanza, baada ya hapo ni fasta, kila nusu saa hivi seli zinajigawa mpaka zinafika kama 4,000, na muda wote huo zinatumia akiba ambayo mama aliiweka kwenye yai. Hapo ndo jeni za kiinitete chenyewe zinawaka kwelikweli na mazungumzo ya seli yanapamba moto. BMP4 na ndugu zake BMP2 na BMP7, ambazo ni protini za ishara zinazotemwa na seli, ndo zinatamba sehemu kubwa ya mwili: seli ya tabaka la nje ikipata BMP inakuwa ngozi, seli ya tabaka la kati ikipata BMP nyingi inaelekea kwenye damu na mambo ya tumboni. Wnt8, protini ya ishara ya ukoo mwingine unaoitwa Wnt, nayo inatoka pembeni na upande wa tumbo, inasukuma tishu ziwe za nyuma, za mbali na kichwa. Sasa ishara hizi zikiachiwa zitambe bila kuzuiwa hupati kiluwiluwi, unapata donge la tumbo tupu, na hili limeonekana kwa macho, ukiumulika upande wa chini wa yai kwa mionzi ya UV ndani ya saa ya kwanza, ule mzunguko wa ganda la yai unaoandaa upande wa mgongo haufanyiki, na kinachokua kina ngozi na damu ila ubongo hakina, macho hakina, uti wa mgongo hakina.

Nani anazizuia basi? Kuna kipande kidogo upande wa mgongo, kinaitwa mratibu wa Spemann. Mwaka 1924 Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold wa Freiburg, Ujerumani, waliandika kwamba walikata kipande hicho kwenye kiinitete cha salamanda mmoja wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cha salamanda wa aina nyingine mwenye rangi tofauti, na pale tumboni kikaota kiinitete cha pili, yaani mwili wa pili una uti na neva, tena neva zile kwa sehemu kubwa zilikuwa zimetengenezwa na seli za mwenyeji mwenyewe. Kipande hakikujijenga tu, kiliwageuza majirani. Mangold alifariki mwaka huohuo wa 1924 akiwa na miaka 25 tu, Spemann akapata Nobel mwaka 1935, na mimi kila nikifundisha hili nataja jina la Hilde kwanza maana mikono iliyofanya ile kazi ni yake.

Ilichukua mpaka miaka ya 1990 kujua kipande kile kinatema nini, na jibu liliwashangaza watu, kwamba sehemu kubwa ya kinachotemwa sio amri ya "kuwa neva". Ni vizuizi. Seli za tabaka la nje la kiinitete cha chura, ukizitenganisha moja moja kwenye maji ya chumvi kwa masaa kadhaa ili ishara zao zisambae na kupotea, zinaelekea kuwa neva zenyewe bila kuongezewa kitu. BMP ndo ilikuwa inazilazimisha kuwa ngozi. Mratibu anachofanya ni kuitoa BMP njiani. Ukishalielewa hili, swali la kuchagua linakuwa jepesi, kila protini iulize mambo matatu: inamshika nani, inamshika wapi, na nani anaitawala yenyewe. Hilo la tatu ndo wengi wanaliruka na ndo kwangu mimi linaloamua.

Tuanze na nogini na kodini pamoja, maana ndo mbili ambazo watu wanashindwa kuchagua na kwa nje zinafanana sana, zote zinatoka kwa mratibu, zote zinaikamata BMP4 nje ya seli kabla haijafika kwenye kipokezi, yaani sikio la seli, zote ukiweka RNA yake (ile nakala ya jeni ambayo seli inaisoma kutengeneza protini) tumboni mwa kiinitete unaanza kuona mgongo wa pili.

Nogini iliwahi. William Smith na Richard Harland kule Berkeley waliitangaza mwaka 1992, na njia waliyoipatia ni tamu kuisimulia darasani: walichukua viinitete vilivyopigwa UV, vile visivyo na mgongo, wakawa wanavichoma sindano ya RNA kutoka kwenye maktaba ya jeni, yaani mkusanyiko wa nakala za jeni nyingi, wanagawa mafungu, fungu linaloponya kiinitete wanaligawa tena, mpaka wakabaki na jeni moja. RNA ya nogini kwa kiasi cha wastani ilirudisha kiinitete cha kawaida, ukiongeza dozi kiinitete kinakuwa kichwa kikubwa na mkia unapungua. Mwaka 1993 ikaonyeshwa kwamba protini yake ikiwa imesafishwa, ukiimimina kwenye kipande cha tabaka la nje, inatoa neva moja kwa moja bila kupitia misuli wala tabaka la kati. Mwaka 1996 ikajulikana sababu, inaing'ang'ania BMP4 kwa nguvu kubwa. Na mwaka 2002 ikatoka picha ya fuwele ya protini hizi zikiwa zimeshikana, nogini na BMP7, inaonyesha nogini inafunika sehemu zote mbili ambazo BMP inatumia kugusa vipokezi vyake, aina ya kwanza na aina ya pili. Hakuna mlango unabaki wazi.

Kodini ilitangazwa mwaka 1994 na Yoshiki Sasai na wenzake kwenye maabara ya Edward De Robertis, Los Angeles. Ni protini kubwa, ya binadamu ina amino asidi 955 wakati nogini ya binadamu ina 232 tu. Ndani yake ina vipande vinne vinavyofanana, vyenye amino asidi ya sisteini kwa wingi, na kupitia hivyo ndo inaishika BMP. Ukipima nguvu ya kushika, nogini inaishinda kodini zaidi ya mara 10, kwa hiyo mtu anayeangalia namba hiyo peke yake atasema nogini ndo kiboko, amalize. Hapo ndo nasema subiri.

Kodini ina mkataji wake. Kuna kimeng'enya kinaitwa toloidi, kinahitaji zinki kufanya kazi, kinaikata kodini sehemu mbili, na ikikatwa BMP iliyokuwa imeshikwa inaachiwa ikiwa nzima na inaweza kufanya kazi tena. Hebu fikiria maana yake. BMP iliyoshikwa na kodini haijafa, ni abiria aliyepanda basi, hawezi kufanya shughuli yoyote akiwa kwenye siti lakini anasafiri, na akishushwa stendi ya Kange anaendelea na mambo yake, sasa toloidi ndo konda anayeamua ashuke wapi. Kodini inatoka upande wa mgongo, inasambaa kwenye ule mwanya mwembamba kati ya tabaka la nje na matabaka ya ndani yake, na mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba humo inatengeneza mteremko kabisa, nyingi mgongoni, inapungua kuelekea tumboni. Inazuia BMP mgongoni na hapohapo inasaidia kuirundika tumboni. Protini moja kazi mbili zinazoonekana kupingana.

Afu konda naye ana wa kumzuia. Upande wa tumbo BMP ikiwa nyingi inawasha jeni ya protini nyingine inayotemwa, saizildi, ambayo inaing'ang'ania toloidi isifanye kazi, kwa hiyo kodini inabaki nyingi, BMP inapungua. Na upande wa mgongo kuna kitu kinaitwa ADMP, hii yenyewe ni ya ukoo wa BMP lakini jeni yake inawaka pale ambapo ishara ya BMP imeshuka. Yaani ukipunguza BMP, ADMP inapanda kuziba pengo. Ndo maana kiinitete cha chura ukikikata vizuri nusu, nusu ile yenye mgongo inaweza kujipanga upya na kuwa kiluwiluwi kidogo chenye uwiano sawasawa. Mwaka 2005 Bruno Reversade na De Robertis walizima BMP2, BMP4, BMP7 na ADMP zote nne kwa mpigo, na mwili mzima wa nje ukageuka tishu ya neva, kuzunguka pande zote. Mimi ile picha ya kiinitete kilichogeuka ubongo juu mpaka chini bado inanisisimua, na nataka kijana wa Ngamiani aione kama anavyoiona kijana wa Los Angeles.

Kwa hiyo ukizilinganisha kwa lile swali la tatu, nani anaitawala, kodini inaipita nogini mbali. Nogini inashika na kushikilia, nguvu yake ipo kwenye kushika. Kodini iko kwenye mtandao, inakatwa, inalindwa, inajibiwa. Kama mada yako inasema "udhibiti" basi jibu lako ni kodini, usihangaike.

Lakini nisiidhulumu nogini. Kwa dakika kumi za kuongea mbele ya darasa ambalo halijawahi kusikia habari hizi, nogini ndo inaeleweka bila kumpoteza mtu: kuna ishara, kuna mshikaji, ishara ikishikwa seli inakuwa neva, basi. Na ina upande wa binadamu unaogusa, mwaka 1999 ilijulikana kwamba watu wenye kasoro kwenye jeni ya NOG wanazaliwa na viungo vya vidole vilivyoungana, havikunjiki, kwa sababu BMP baadaye mwilini ina kazi ya kutengeneza mifupa na ikikosa mzuiaji kwenye kiungo mfupa unajaa pale palipotakiwa pawe na nafasi. Mwanafunzi wa udaktari hapo anakaa mkao wa kusikiliza.

Kuna kitu kimoja kinawachanganya watu na nataka nikiseme wazi. Ukizima kodini peke yake kwenye chura, kiinitete kinapata shida lakini mgongo na kichwa kwa kiasi vinakuwepo. Wengine wakiona hivyo wanasema basi protini hii haina umuhimu. Hapana. Mwaka 2005 Mustafa Khokha na Harland na wenzao walizima kodini, nogini na folistatini zote tatu pamoja kwa kutumia mofolino, vile vipande vya kuzuia RNA isitafsiriwe, kwenye Xenopus tropicalis, na sehemu ya mgongo pamoja na bamba la neva vikapotea. Zinabebana. Kwa panya ni hivyohivyo, ukiondoa kodini na nogini pamoja ubongo wa mbele haujengeki. Kwa hiyo ukichagua moja, kwenye ripoti yako lazima useme wenzake wapo, ukiandika kama vile inafanya kazi peke yake utaulizwa swali la kwanza tu na utakwama.

Folistatini nimeigusa hapo juu, inaishika aktivini, protini nyingine ya ishara, kwa nguvu na BMP kwa kiasi, ilionekana kwenye chura mwaka 1994. Siishauri kama mada ya kiinitete cha mwanzo, raha yake iko kwenye misuli maana inaishika pia maiostatini, ile inayozuia misuli isikue kupita kiasi, anayependa michezo na mwili achukue huko.

Dkk1 ni mnyama tofauti na ndo maana inastahili nafasi yake. Haihusiki na BMP, yenyewe inapambana na Wnt, na haimshiki Wnt mwenyewe, inaenda kukaa kwenye kipokezi. Wnt ili isikike kwenye seli inahitaji vipokezi viwili washirikiane, Frizzled na LRP6, sasa Dkk1 inaishika LRP6 na ushirikiano unavunjika. Ilitangazwa mwaka 1998 na kikundi cha Christof Niehrs, Heidelberg. Kabla yake kikundi hichohicho kilikuwa kimeonyesha kitu ambacho mimi nakiona ni moja ya mawazo mazuri kabisa kwenye fani hii, kwamba ili upate kichwa kamili lazima uzuie BMP na Wnt kwa wakati mmoja, ukizuia BMP tu unapata kiwiliwili cha pili bila kichwa. Dkk1 peke yake haitoi mwili wa pili, ukiichanganya na kizuizi cha BMP vichwa vinatoka. Na walipoingiza kingamwili za kuizuia Dkk1 kwenye kiinitete cha chura kichwa kikawa kidogo. Panya asiye na Dkk1 anakosa sehemu ya mbele ya kichwa. Hapo sasa unaona ushahidi wa pande zote, ukiongeza unaona kitu, ukitoa unaona kitu, tena ukiitoa peke yake. Kwenye hili Dkk1 inazishinda nogini na kodini.

Frzb inafaa itajwe hapa, nayo inazuia Wnt lakini kwa njia nyingine, imejengwa kama ile sehemu ya nje ya kipokezi cha Frizzled ila haina mguu wa kujichomeka kwenye utando wa seli, kwa hiyo inaelea nje na kumkamata Wnt8 kabla hajafika. Ukiiweka Dkk1 na Frzb kwenye mchoro mmoja, Frzb inaushika ujumbe wenyewe na Dkk1 inashika masikio ya mpokeaji, mwanafunzi anaelewa maana ya "inamshika wapi" papohapo. Ila kuifanya Frzb mada nzima, sioni sababu.

Upande wa hospitali njia hii ya LRP ina uzito mkubwa zaidi ya zote. Kuna protini nyingine inayozuia njia hii, sklerostini, inatemwa na seli za mfupa na inazuia LRP5 na LRP6, watu waliozaliwa bila kuwa nayo wanakuwa na mifupa mizito kupita kawaida, na mwaka 2019 dawa ya kingamwili ya kuizuia, romosozumabu, iliruhusiwa Marekani kwa kina mama waliokoma hedhi wenye mifupa dhaifu iliyo hatarini kuvunjika. Anayesomea uuguzi, ufamasia au udaktari, chukua Dkk1 na ufike mpaka hapo, utakuwa na stori inayoanza kwenye yai la milimita moja na kuishia wodini.

Serberasi sasa. Hii kila mwaka kuna anayeipenda kwa sababu ya picha, na sio kosa, picha zake zinavutia kweli. Kijana mmoja alinijia, "Shikamoo mwalimu, mi nachukua serberasi, ukiichoma tumboni kinaota kichwa!" Nikamwambia marahaba mwanangu, kichwa kinaota ndio, jicho moja katikati, na kile kitezi cha kunatia kinachokaa kwenye kidevu cha kiluwiluwi, bila kiwiliwili, ni kweli kabisa, ilitangazwa mwaka 1996 na Tewis Bouwmeester na wenzake. Lakini wakikuuliza imezuia nini utajibu vipi? Akasema BMP. Nikamwambia na Wnt? Na Nodal? Akanyamaza akaandika.

Maana ndo ugumu wake, serberasi inashika vitatu, BMP, Wnt, na Nodal ambayo ni protini ya tatu ya ishara, kila kimoja sehemu yake tofauti kwenye protini ileile. Kwa hiyo ukiona kichwa kimeota huwezi kusema moja kwa moja ni kwa sababu ya kipi, mpaka utumie kile kipande chake kifupi kinachoshika Nodal peke yake na ulinganishe. Inafaa kwa mtu aliyeshaelewa BMP na Wnt na Nodal kila moja kivyake, hapo inakuwa nzuri sana kwa sababu inaonyesha tena lile wazo la kuzuia njia kadhaa kwa pamoja, safari hii ndani ya molekuli moja. Kingine, panya ukimtoa jeni yake ya Cer1 anazaliwa mzima tu, ambacho kinakulazimisha kueleza tofauti za chura na panya, na huo ni mzigo ambao mtu wa mada ya kwanza hahitaji. Kwangu mimi serberasi iwe mada ya pili. Ya kwanza hapana.

Kwa hiyo kwa kifupi cha anayetaka kuamua leo: kama una dakika kumi na darasa jipya, nogini. Kama una wiki kadhaa na unataka kuelewa mfumo unavyojirekebisha wenyewe, kodini, na hii ndo napendelea kuliko zote na nitaitetea popote. Kama roho yako iko hospitali, au msimamizi wako ni mtu wa kuuliza "ukiitoa inakuwaje", Dkk1. Mkiwa wawili mnaruhusiwa kugawana, mmoja achukue kodini mwingine Dkk1, muungane mwishoni kwenye swali la kwa nini kichwa kinahitaji zote mbili, hiyo nimeiona ikitoa kazi nzuri kuliko mtu mmoja kujibebesha.

Sasa chura. Wapo wanaouliza kama haya yanaweza kufanyika huku kwetu kwa mikono, na mimi natamani sana yafanyike. Vyura wanaotumika zaidi ni wawili. Xenopus laevis asili yake ni kusini mwa Afrika, mayai yake makubwa, ndo anafaa kwa upasuaji wa viinitete maana unashika kipande cha tabaka la nje kwa koleo ndogo na unakiona. Shida, anapenda baridi, nyuzi 16 mpaka 22 hivi, sasa mweke Chumbageni mwezi wa pili joto limepita 30 bila mashine ya kupoza maji uone, na umeme ukikatika je? Pia amechukua jeni maradufu kutoka kwa mababu wawili, ukitaka kuzima jeni moja unakuta ina pacha wake. Xenopus tropicalis ni wa Afrika Magharibi, anakaa vizuri nyuzi 24 mpaka 28, anakomaa kwa miezi michache wakati laevis anaweza kufikisha mwaka, jeni zake hazina ule umaradufu na jinomu yake, yaani DNA yake yote, ilisomwa mwaka 2010, ya laevis ikafuata 2016. Mayai yake ni madogo, hilo ndo baya lake, mkono usiotulia utaumia. Kwa pwani yetu ningechagua tropicalis bila kufikiria mara mbili.

Na huyu wetu? Kwenye madimbwi ya pwani hii yuko Xenopus muelleri, ana kucha nyeusi miguu ya nyuma na kijimkia kidogo kama ndevu chini ya jicho. Ni wa ukoo uleule, naye ana jeni maradufu kama laevis, na kazi ya molekuli iliyofanywa juu yake ni ndogo sana ukilinganisha na hao wawili, kwa hiyo kwa kuangalia ukuaji wa yai chini ya hadubini anafaa, kwa kuanza kupima protini utakosa vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Vibali ni lazima, kamwe usijiokotee dimbwini na kuanza kukata. Na wale vyura wadogo wa Amani kule Usambara, wale wa ukoo wa Nectophrynoides wanaozaa watoto hai badala ya kutaga majini, waacheni msituni. Hawapatikani nje ya Tanzania, na yai linalokua ndani ya mwili wa mama hulioni wala huligusi.

Asiye na chura wala maabara bado ana kazi ya kufanya kwenye laptopu, na hapa chaguo linarudi kodini tena. Mfuatano wa protini zote hizi uko wazi bure kwenye hifadhidata ya Xenbase, kwa upande wa binadamu tafuta NOG, CHRD, DKK1, CER1. Ukichukua nogini ya chura ukaipanga na ya binadamu utaona zinafanana sana, utaandika hivyo, na inzi wa matunda ukimtafuta nogini hana. Lakini chukua kodini ya chura, ya binadamu, na ile ya inzi inayoitwa sogi, ipange mistari mitatu, tafuta vile vipande vinne vya sisteini kwenye kila mmoja, afu weka alama zile sehemu mbili za kodini ambazo toloidi inakata, moja baada ya kipande cha kwanza na nyingine baada ya cha tatu. Sogi inatemwa upande wa tumbo wa inzi, kodini upande wa mgongo wa chura, na RNA ya sogi ukiichoma kwenye kiinitete cha chura inatoa mgongo. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire wa Ufaransa alishasema mwaka 1822, akimwangalia kamba wa baharini, kwamba mwili wa wadudu na jamaa zao ni kama wetu uliopinduliwa, akapingwa sana enzi hizo. Mistari hiyo mitatu ukiipanga mwenyewe unaweza kuiweka kwenye slaidi ya kwanza kabisa, kabla hata hujataja BMP.